Sauti Moja kwa Kila Mwanachama

Mzee Leonidas alitoka Mwazye juu ya lori la mahindi, akashuka Sumbawanga mjini akiwa mweupe kwa vumbi kuanzia kofia hadi ndala, akauliza njia mara tatu, na saa nne asubuhi akapiga hodi Redio Ulezi. Alikuja kuchukua sauti yake.

"Shikamoo, mzee," alisema Fortunata.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa? Mama hajambo? Na ndugu zako? Mashamba yanaendeleaje? Mvua mmepata?"

Mzee Leonidas hakuwa mtu wa kurukia mambo. Alisalimia mpaka kuku waliokuwa mlangoni. Alipomaliza alitoa kadi ya uanachama mfukoni mwa koti, imefungwa kwenye nailoni, akaiweka mezani.

"Mimi debe langu la ulezi nilileta. Mlipokea wenyewe. Sasa naomba sauti yangu, nirudi nyumbani na lori hilohilo."

Fortunata alidhani vumbi limemwingia masikioni. Yeye ndiye alikuwa meneja wa Redio Ulezi, na mtangazaji, na msoma taarifa ya habari, na mfagiaji. Kazi pekee asiyoifanya ilikuwa ya ufundi mitambo, kwa kuwa hiyo alikuwa nayo Isdori. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, serikali imeachia mbolea, imeachia mahindi, imeachia mabasi, mpaka mawimbi ya hewani ikayaachia. Wenye fedha wakaanzisha redio zao huko mijini. Watu wa Ufipa hawakuwa na mwenye fedha wa namna hiyo, ila walikuwa na ulezi. Kwa hiyo wakakubaliana: kila msikilizaji alete debe moja la ulezi au mahindi baada ya mavuno, ulezi uuzwe, redio iendeshwe. Mkono mtupu haulambwi, na mlingoti haupandi kwa maneno. Redio ikawa yao wote, kuanzia Pito hapo mlangoni mwa mji hadi Mwazye, ambako ili uipate vizuri ilibidi upande juu ya kichuguu na kuinua redio kichwani.

"Sauti gani, mzee wangu?"

"Ibara ya saba," alisema Mzee Leonidas, na akaisoma kwa kichwa kama mtu anayesali. "Kila mwanachama aliyetoa mchango wake atakuwa na sauti moja katika redio."

"Ah! Mzee, pale sauti maana yake ni kura. Kwenye mkutano."

"Kura naijua. Nimepiga kura tangu zile za jembe na nyumba. Kura ni karatasi, unaitumbukiza kwenye sanduku, unarudi zako nyumbani kimya. Mngetaka kura mngeandika kura. Mmeandika sauti. Tena mmeandika katika redio." Akatazama mlingoti dirishani, akatazama mashine, akamtazama Fortunata. "Redio si ndiyo hii? Au nimepotea?"

Hakuwa amepotea. Fortunata akamtuma Isdori mbio kwa baiskeli kumwita mwenyekiti wa bodi, Mzee Sebastiani wa Katandala, aliyekuwa katibu wa chama cha ushirika kwa miaka ishirini na mbili, hadi ushirika ulipokufa na yeye akabaki na utaratibu wake mikononi asijue ampe nani. Redio ilipozaliwa aliipa redio. Katiba aliiandika yeye, ibara arobaini na tatu, na alikuwa tayari kuila kuliko kuibadili.

Alivaa miwani, akasoma ibara ya saba mara mbili.

"Imeandikwa sauti," alisema.

"Lakini mwenyekiti, ulikusudia kura."

"Nilichokusudia kiko moyoni mwangu. Nilichoandika kiko kwenye katiba. Ibara hubadilishwa na mkutano mkuu, na mkutano mkuu ni baada ya mavuno. Mzee ana haki."

Likabaki swali moja tu, nalo liliilaza bodi mezani mchana kutwa na birika mbili za chai: sauti moja ni ndefu kiasi gani? Mmoja alisema ni neno moja. Mwingine akasema ni dakika moja, akaulizwa hiyo dakika ameitoa ibara ya ngapi. Mwishowe Mzee Sebastiani, ambaye hapendi kitu kisicho na mwanzo na mwisho, alitoa uamuzi: sauti moja ni pumzi moja. Mwanachama avute hewa, aseme, na hewa ikiisha, sauti yake imekwisha.

Mzee Leonidas akakalishwa mbele ya maikrofoni, akavuta hewa mpaka koti likakataa vifungo, na kusema: "Mimi Leonidas wa Mwazye, nipo." Kisha akakaa kimya, mashavu yamejaa.

"Endelea, mzee, hewa bado unayo," alinong'ona Fortunata.

Mzee akatikisa kichwa, akaishusha hewa taratibu puani. "Yametosha. Iliyobaki niwekeeni."

"Sauti haifungashwi, mzee."

"Haya basi," alisema, akafuta machozi kwa kofia, akaenda kuwahi lori. Kule Mwazye walikuwa wamejaa juu ya kichuguu mpaka kikabomoka upande.

Ndipo balaa lilipoanza, na mimi nasema balaa kwa upendo. Wiki ile walikuja kumi. Iliyofuata walikuja sitini. Kila asubuhi foleni ilianza mlangoni mwa Redio Ulezi na kuishia kwa fundi viatu, watu wameshika kadi, wanafanya mazoezi ya kuvuta hewa kiasi kwamba wawili walipata kizunguzungu wakalazwa kwenye gunia. Fortunata akakipa kipindi jina, Pumzi ya Wananchi, na Isdori akawa mwamuzi: alikaa amekodoa macho kifuani mwa mwanachama kuona kama anaiba hewa. Mama Bertilla, kiongozi wa kwaya, alitaja kwa pumzi moja wakwe wote waliokula harusi yake na hawajarudi kumtembelea. Watu walicheka Ufipa nzima, na wakwe wakaja Jumapili na kuku.

Wasio wanachama nao wakakimbilia kujiunga, ulezi ukaingia mpaka Fortunata akawa anasomea habari juu ya magunia. Msikilizaji anayejisikia redioni hasiti kutoa debe. Fortunata aliona mambo yamemnyookea. Alichosahau ni Masanja.

Masanja alikuwa mfugaji. Ukoo wake ulihama kutoka Usukumani na ng'ombe wao, wakashuka hadi huku kutafuta malisho, naye alikuwa amekua akimwita ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde bila kumsogelea. Mapafu yake yalikuwa ya kazi. Siku ya kwanza alivuta hewa, mapazia yakamfuata, akasalimia ukoo mzima, akataja ng'ombe wake mmoja mmoja kwa jina na kwa rangi, akatoa maoni juu ya dawa ya kupe, akaanza wimbo. Pumzi ilikuwa haijaisha. Taarifa ya habari ya saa saba ilichelewa.

"Asante sana, Masanja," alisema Fortunata akitokwa jasho.

"Asante, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Kesho nakuja tena. Nilisahau ndama."

Akaja kesho. Akaja na keshokutwa. Siku ya nne Fortunata maji yalimfika shingoni. Alichukua mashine ya kutobolea karatasi, akaibana kadi ya Masanja pembeni, ka! Tundu likatokea, jeupe, la duara.

"Hili nini sasa, mayu?"

"Katiba inasema sauti moja. Moja! Umeshaitumia. Imekwisha, huna tena."

Masanja alilitazama lile tundu. Akalipima kwa kidole. Hakubisha, alikunja kadi yake taratibu, akaenda zake. Fortunata, kwa jinsi alivyofurahia mchana wenye utulivu, akatoboa na ya aliyefuata, na ya aliyefuata. Miezi minne alitoboa kadi ya kila aliyewahi kusema. Kila aliyetaka kurudia alijibiwa hivyohivyo: huna tena. Lilikuwa jibu rahisi, halina gharama, na hakuna aliyemuuliza swali la pili. Uongo mdogo una faraja yake, ukiusema umeketi.

Mavuno yakapita, mkutano mkuu ukafika, na ndani ya mkutano akafika Flavian.

Flavian alikuwa mfanyabiashara wa mazao na mbolea, mwenye malori matatu na tumbo moja. Aliandika barua kwa bodi kwamba yeye kama mwekezaji mzalendo yuko tayari kuichukua Redio Ulezi, kuipaka rangi, kuipa mitambo mipya na kuiita Flavian FM. Kutakuwa na muziki saa zote, matangazo ya mbolea kila robo saa, na mtangazaji atakuwa mpwa wake, aliyekaa Dar es Salaam miezi sita akarudi akitamka r puani. Fortunata angepewa barua ya shukrani. Pumzi ya Wananchi ingefutwa, maana, aliandika Flavian, redio siyo mahali pa kupumulia.

Fortunata hakuogopa. Wanachama walikuwa zaidi ya mia nne, na wote walikuwa wakimpigia kelele barabarani, "Fortunata, mkutanoni tutamkataa huyo!" Flavian alikuwa ameandikisha watu wake arobaini wiki ya mwisho, makuli na madereva, wenye kadi mbichi. Arobaini kwa mia nne ni nini?

Ukumbi wa kuazima pale Katandala ulijaa mpaka madirishani. Mkutano ulirushwa moja kwa moja hewani, Fortunata akiwa kwenye meza yake pembeni na maikrofoni, na wanachama wakiwa wamekuja kila mmoja na redio yake mapajani. Usishangae. Watu hawa walishajua kwamba jambo lisilotangazwa redioni bado halijatokea, hivyo hata kama limetendeka mbele ya macho yao, walitaka kulisikia likitoka kwenye redio ndipo waamini.

Jambo moja lilimtatiza Fortunata tangu mwanzo: ukimya. Walimsalimia mlangoni kwa kupiga makofi na kuinama, midomo imefungwa. Kwenye sala ya kufungua, midomo ilichezacheza bila kutoa kitu. Mama Bertilla alibanwa na kikohozi, akajiziba kwa kitenge mpaka macho yakamtoka. Fortunata alidhani ni heshima ya mkutano.

Mzee Sebastiani akasimama. "Agenda ni moja. Kwa ibara ya kumi na mbili, mambo makubwa huamuliwa kwa sauti. Wanaokubali redio iende kwa Ndugu Flavian, waseme ndiyo."

"NDIYOOO!" walisema arobaini wa Flavian, wakapiga na miguu.

"Wanaokataa?"

Kimya. Nzi mmoja alipita na kila mtu akamsikia.

"Narudia. Wanaokataa, waseme hapana."

Watu mia nne walikaa wamemtazama, nyuso zimekunjamana, wengine wakilia. Masanja alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imetoka kama kamba za kufungia ndama, meno yameuma mdomo. Fortunata alimwinamia kutoka mezani kwake. "Masanja! Wewe! Sema basi!"

Masanja akainua kadi yake. Akaweka jicho kwenye tundu, akamchungulia.

 Fortunata akatazama ukumbi: kadi zilikuwa zikiinuliwa moja moja, kila moja na tundu lake, na matundu yote yalikuwa ya mashine yake na mkono wake. Hawakuwa na sauti tena. Aliwaambia yeye. Na watu hawa, ambao ukiwaambia kwamba mwiko ni mwiko wanashika, walikuwa wamekuja kuipigania redio yao na midomo iliyofungwa, wakitegemea kuinua mikono, kwa sababu kusema wakati huna sauti ni kuiba. Kule mbele Flavian alikuwa anajipapasa tumbo. Alilijua hilo tangu zamani, na hakuwa amesema neno. Mjanja haamshi aliyelala.

"Kwa kuwa hakuna anayekataa..." alianza Mzee Sebastiani, na sauti yake ilikuwa nzito maana hata yeye hakuipenda.

"Mwenyekiti!" Fortunata aliruka juu. "Subiri! Wana sauti! Mimi ndiye..."

"Keti, binti. Ibara ya nane: mfanyakazi wa redio hana sauti mkutanoni."

"Lakini mwenyekiti, niliwa..."

"Hana sauti! Keti chini."

Fortunata akaketi. Aliketi mbele ya maikrofoni, akafungua swichi yake. Kusema kweli alitamani ardhi impokee, maana ni tofauti kukiri kwa padri mmoja gizani na kukiri kwa Ufipa nzima saa tano asubuhi. Akasogeza mdomo.

"Hii ni Redio Ulezi, Sumbawanga. Ni saa tano na dakika kumi na mbili. Ifuatayo ni taarifa ya masahihisho."

Sauti yake ikatoka kwenye redio mia nne mapajani mwa watu. Mzee Leonidas, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, akaiongeza sauti redio yake.

"Keti chini!" alifoka Mzee Sebastiani.

"Nimeketi, mwenyekiti. Sipo mkutanoni. Nipo hewani." Kisha akaendelea, haraka, kabla ujasiri haujamtoroka. "Kwa miezi minne, meneja wa kituo hiki, Fortunata, aliwaambia wanachama kwamba sauti zao zimekwisha. Taarifa hizo hazikuwa za kweli. Alisema hivyo kwa kuwa alichoka, alitaka kula chakula cha mchana kwa raha, na aliona ni rahisi kutoboa kadi kuliko kusikiliza watu. Tundu halina maana yoyote. Sauti ya mwanachama haiishi. Fortunata anaomba radhi, na hana la kujitetea."

Redio zikakoroma kidogo. Mzee Leonidas akainamia yake, akaiuliza polepole, akiitazama yenyewe na si Fortunata: "Kwa hiyo tunazo?"

"Mnazo, mzee," ilijibu redio. "Mlikuwa nazo siku zote."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kile kilikuwa kimya cha miezi minne. "HAPANA!" lilitoka kwa pamoja, vioo vikalia, njiwa wakahama paa. Mama Bertilla alikohoa kwanza, akashukuru Mungu, kisha akasema hapana kwa sauti ya kwanza ya kwaya. Masanja yeye hakusema hapana, alianza kuisema. Wenzake walimaliza, wakaketi, wakafungua vitumbua walivyobeba, na ile "naaa" ya Masanja bado ilikuwa inapita juu ya vichwa vyao, imenyooka, haina hata dalili ya kuchoka. Isdori aliitazama mishale ya mtambo wake ikilala upande wa nyekundu, akaondoa kofia.

"Hilo moja lihesabiwe mara ngapi?" alipiga kelele Flavian.

"Mara moja," alisema Mzee Sebastiani, akifuta miwani. "Lakini mpaka liishe, sifungi agenda."

Flavian alitoka kwa hasira, na watu wake arobaini wakatoka mbio nyuma yake, maana walikuja na lori lake na hakuna aliyetaka kurudi kwa miguu.

Watu walikuwa bado wanashikana mikono Mzee Leonidas aliposimama. Hakuwa akicheka.

"Mwenyekiti, kuna mengineyo. Huyu binti yetu ametunyang'anya sauti miezi minne. Leo tulikuwa tunaipoteza redio kwa ajili yake. Hili tunalipita hivihivi?"

Ukumbi ukapoa. Fortunata alianza kukusanya vitu vyake mezani: kalamu, kikombe, saa. Alijua mzee ana haki, na hilo ndilo lililouma.

"Hoja imesikika," alisema Mzee Sebastiani, na safari hii alisita kidogo. "Wanaotaka Fortunata aondolewe kazini, waseme ndiyo."

Hakuna aliyesema. Fortunata aliinua kichwa. Masanja alikuwa amekaa, mikono magotini, anamtazama. Mama Bertilla alikuwa anamtazama. Mzee Leonidas mwenyewe, aliyeileta hoja, alikuwa amefunga mdomo na mashavu yamejaa hewa. Walikuwa mia nne, kila mmoja na sauti yake, tena sasa walijua.

Mtangazaji yeyote atakuambia hewani hakuna dhambi kubwa kama kimya. Sekunde tano tu, na msikilizaji anaanza kupigapiga redio yake akidhani betri zimekufa. Fortunata alikuwa na mkono kwenye kitufe cha muziki. Aliuondoa, akafuta macho, na kukiacha kile kimya kirushwe mpaka Mwazye, chote.